Taa ya Vikombe Vitano

Saa nne asubuhi, jua likiwa limeshavuka majabali ya Masasi na kujaa sebuleni, taa ya mama yangu ilikuwa inawaka, na swichi ilikuwa imezimwa. Nilikuwa nimeizima mimi mwenyewe. Niliisogelea nikaitazama kama mtu anayesoma maandishi madogo ya mkataba: imezimwa. Nyuma yangu, darini, vikombe vitano vya kioo vilimeremeta bila haya. Na ukiibonyeza swichi upande wa kuwasha, ulisikia pah! kutoka kwenye boksi la fyuzi ukumbini, taa ikafa, redio ya mama ikakatika katikati ya taarifa ya habari, feni ikajikokota mpaka ikasimama, na nyumba nzima ikanuka waya ulioungua.

Wakati huo nilikuwa na shahada mbili na nilikuwa nafundisha chuo kikuu. Nalisema hili mapema ili msomaji acheke tulimalize. Mimi siku ile sikucheka. Nilikuwa na hasira, na hata leo nikiikumbuka Jumamosi ile shingo yangu inapata joto.

Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Mmakonde wa Newala aliyeshushwa Masasi na kazi, akajenga nyumba ya vyumba vitatu na kuishi humo mpaka mwisho. Mama akabaki peke yake. Kwa watu wetu wa kule juu Newala, mwanamke haolewi akapotea. Ni wa ukoo wa mama yake, na kaka yake ana neno juu yake hata akiwa na wajukuu. Kwa hiyo mwaka ulipotimia mjomba aliandika barua kutoka Chilangala, kijijini kwao: Jumamosi atashuka kumchukua dada yake arudi kwao, kwenye mikorosho ya familia, asikae mjini kama mlinzi wa nyumba ya marehemu.

Mama alinitumia habari Dar es Salaam, bila kusema yeye anatakaje. Sikumuuliza. Naomba hilo likumbukwe, maana lilinirudia baadaye. Nilichofanya ni kuandaa hoja. Mama ana presha, Masasi kuna hospitali ya kutembea kwa miguu, na nyumba ina umeme. Chilangala kuna nini? Kisima cha kuvunia maji ya mvua yanayotoka batini, na kibatari. Hoja ya pili sikumwambia mtu: mama akikaa Masasi, mimi ningeendelea kuishi Dar es Salaam nikijiona mwana mwema. Umeme ungenisaidia kumtunza.

Ilikuwa ile miaka milango ya biashara ilipofunguliwa ghafla. Sisi tuliokuwa tumepanga foleni ya sabuni, tukanunua viberiti kwa kujuana, tulijikuta tumesimama mbele ya maduka ya Kariakoo tumeduwaa kama ng'ombe barabarani. Kila kitu kilikuwepo. Nusu yake kiliharibika kabla hujakifikisha nyumbani, lakini kilikuwepo. Hapo ndipo nilipoiona ile taa: shina la rangi ya dhahabu, matawi matano, na kwenye kila tawi kikombe cha kioo kilichochongwa maua. Nikasema mjomba akiingia sebuleni akaikuta hiyo juu ya kichwa chake, hataongea habari za mikorosho. Atajua kwamba dada yake ana mtu. Niliibeba mapajani safari nzima, siku mbili za vumbi na mashimo, na abiria wenzangu wakinitazama kama mtu aliyebeba maiti ya mtoto wa mfalme.

Nilifika Alhamisi. Ijumaa mama alipokwenda hospitali kupimwa presha nilichukua ngazi. Nilizima umeme kwenye boksi, angalau hilo nilikuwa nalijua, kisha nikafungua kile kikombe cheupe cha plastiki kilichobandikwa darini, ambacho mafundi hukiita rozi, kilichoning'iniza globu moja tupu tangu nikiwa sekondari.

Ndani yake nilikuta aibu ya taifa. Nyaya sita, zote nyeusi. Si nyekundu na nyeusi kama kwenye kitabu cha fizikia. Nyeusi tupu, sita, kama nyoka wa mama mmoja. Nyumba ilitiwa umeme ile miaka ya uhaba, na fundi alitumia alichokipata: roli la waya wa rangi moja lililobaki kwenye ujenzi wa ghala fulani. Nyaya tatu zilikuwa zimesokotwa pamoja kwa koleo mpaka zimekuwa kitu kimoja. Mbili zilibanwa kwenye tundu jingine. Na mmoja ulikuwa peke yake kwenye tundu lake, umefungwa kitambara cha kanga, kimeingiwa na vumbi na utando wa buibui.

Nilikitazama kile kitambara kwa dharau ambayo ni msomi wa kizazi changu tu anaweza kuwa nayo. Tumefika miaka hii, nikasema kwa sauti, dirisha likiwa wazi, bado tunafunga umeme kwa matambara! Fundi gani huyu wa ovyo? Nikakitoa, nikakitupa pamoja na rozi kwenye shimo la taka uani. Nyaya nikazinyoosha, zile tatu zikiwa bado zimeshikana, nikazisugua ncha kwa kisu. Sikuchora popote upi ulikuwa wapi. Ya nini? Kichwa changu kilikuwa na kumbukumbu za vita vyote vya Ulaya.

Taa yangu mpya ilikuwa na nyaya mbili. Karatasi ya maelezo iliandikwa kwa herufi ambazo hata sikujua zinaanzia upande gani. Basi nikatumia akili. Nyaya mbili za taa, nyaya sita za dari. Sita gawa kwa mbili ni tatu. Tatu zilikuwa tayari zimesokotwa. Hizo nyingine tatu, yaani zile mbili na yule mpweke aliyekuwa amevaa kitambara, nikazikusanya nikazisokota pamoja. Wakati ule nilijiona nimefanya usafi. Sasa naona nilifanya kama waliowahi kuhamishia watu vijiji vya ujamaa: nilikuta mmoja amekaa kando kwa sababu zake, nikamswaga akakae na wenzake bila kumuuliza.

Mama aliporudi taa ilikuwa inawaka. Alisimama mlangoni na mkoba wake wa dawa, akaitazama kwa muda mrefu, akazunguka akaitazama na upande wa pili.

"Nzuri," akasema. "Sasa izime."

Ijumaa ile ilimalizikia hapo. Nilibadilisha swichi nikidhani ndiyo mbovu, pah! Nikatoa globu zote tano nikarudisha moja moja, pah! Nikaitukana Kariakoo, nikaitukana nchi iliyotengeneza taa, nikamrudia fundi wa zamani na kumtukana kwa ukamilifu zaidi. Kila mara nilifunga uzi mpya wa fyuzi, ule waya mwembamba unaokatika, na kila mara mama alisema maneno yale yale kutoka jikoni: "Mwite fundi."

"Fundi ndiye aliyeharibu, mama."

"Miaka yote hii taa yake ilizimika ukiizima."

Sikumwita. Asubuhi ya Jumamosi mama alimwagiza jirani aliyekuwa anakwenda sokoni ampitie fundi nyumbani kwake, bila kuniambia. Na kabla fundi hajafika, akafika mjomba.

Alishukia stendi, akaja kwa miguu, kofia yake ya kiua kichwani na kikapu cha njugu mawe mkononi. Nikampokea kikapu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Hujambo? Dada yangu hajambo?" Akaingia, akaketi kwenye kiti cha baba bila kusita, akainua macho. Nilingojea. Mpango wangu wote ulikuwa umejengwa juu ya dakika ile.

"Mbona mnawasha taa na jua lipo?"

"Tunaijaribu tu, mjomba."

"Haya, umeshaijaribu. Zima, unamaliza umeme wa watu."

Mama, aliyekuwa anaweka maji mezani, aligeukia dirisha. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nikaeleza kwamba kuna hitilafu ndogo. Mjomba aliinuka, akaenda mwenyewe kwenye swichi, na kabla sijamzuia akaibonyeza. Pah! Akaruka nyuma, kofia ikaanguka. Alipoiokota na kuipangusa alikuwa ameshapata hoja yake, na aliitoa taratibu, kama mtu anayebangua korosho asivunje punje.

"Mjomba. Hii ndiyo taa itakayomtunza dada yangu? Haijui mchana wala usiku. Ukiiambia lala, inaamka. Ukiiambia amka, inaua nyumba nzima. Mimi kibatari changu nikikipuliza kinazimika."

Mtu hamjibu mjomba wake. Kwetu, mjomba anaweza kukutoa mbele za watu ukatoka.  Nilimeza maneno niliyokuwa nimeyapanga njiani, kuhusu presha, hospitali, na miaka ishirini ambayo mama aliishi ndani ya kuta zile. Nikaizima swichi, nikaenda ukumbini nikafunga uzi mwingine wa fyuzi, maana kuuacha kungekuwa kukiri kushindwa, nikarudi sebuleni nikakuta taa inawaka tena na swichi imezimwa.

"Hodi!" sauti ikaita uani. "Nimesikia kuna Mmakonde amefungia jua ndani ya nyumba, nikasema nije nione kabla halijamtoroka!"

Alikuwa fundi. Mzee mwembamba, Myao, baiskeli ameiegemeza ukutani na begi la vyombo begani. Nilikuwa nimesahau, au nilitaka kusahau, kwamba alikuwa mtani wetu. Wayao na Wamakonde wana utani wa tangu babu na babu: mtani anaweza kukutukana kwako, mbele ya wageni, hata kwenye msiba, na wewe ukikasirika, aibu ni yako. Nikapiga hesabu. Mjomba, hapana. Mtani, hapana. Mama, hapana kabisa. Katika nyumba ile palikuwa na kitu kimoja tu nilichoruhusiwa kukikasirikia, nacho kilikuwa kinaning'inia darini kikiwaka.

"Karibu, mtani," mama akasema.

"Sijakaribia bado, Mama Mwalimu. Huyu profesa wako jana amenitukana dirishani, mtaa mzima umesikia. Fundi wa ovyo! Watu wa kule juu kusiko na maji, wanaooga kwa kikombe kimoja, wananiita mimi wa ovyo!"

Mjomba akacheka mpaka akakohoa. "Hata hicho kikombe anabakiza, mtani!"

"Shikamoo, mzee," nikasema kupitia meno.

"Marahaba. Kaa kando, profesa, waya hauchongwi kama gogo."

Alizima umeme, akapanda ngazi, akaifungua kazi yangu.  Kisha akauliza bila utani, kwa sauti nyingine kabisa:

"Kitambaa kiko wapi?"

"Kitambaa gani?" nikauliza, na nilijua.

"Cha waya wa swichi."

Mama aliweka chini jagi la maji. "Umekitoa?"

"Kilikuwa kichafu, mama."

"Nakuuliza umekitoa?"

Nikasema nimekitupa. Mama hakupaza sauti. Aliniambia, na kila neno lilikuja peke yake, kwamba mafundi walipotia umeme nyumba ile hapakuwa na utepe wala waya wa rangi katika wilaya nzima. Kwamba fundi huyu alikuwa juu ya ngazi na yeye akaishika. Kwamba baba alitaka kazi isimame mpaka vifaa vije, na vifaa vingekuja lini? Ndipo alipochana pindo la kanga yake, akampa fundi kipande kwa kila chumba, na kwa kila chumba akaambiwa maana yake: huu wenye kitambaa ndio unaorudi kutoka kwenye swichi, usichanganywe na mwingine. "Watu wamebadilisha globu humu," akasema, "wamepaka rangi dari, wamefukuza popo. Hakuna aliyegusa. Ukaja wewe uliyesoma."

Nilitamani anipige. Ingekuwa nafuu, tungemaliza.

Fundi alikuwa ameshaanza kazi. Alitenganisha nyaya zangu tatu, kila mmoja ukaangalia upande wake. "Mama Mwalimu, shika swichi, kama zamani." Mama akaenda kwenye swichi. Nikatumwa kwenye boksi kurudisha umeme, kazi isiyohitaji akili. Fundi akagusa kwa testa yake, ile bisibisi yenye taa ndogo ndani ya mpini: zile tatu zilizosokotwa, taa ndogo ikawaka. Zile nyingine, wa kwanza, wa pili, wa tatu, giza.

"Washa!"

"Nimewasha," mama akasema. Hapakuwa na pah.

Fundi akagusa tena. Giza. Giza. Na wa tatu, taa ndogo ikawaka.

"Zima!" Ikazimika. "Washa!" Ikawaka. "Huyu hapa. Profesa alikuwa amempeleka kwa watu asiowajua. Moto unashuka kwenye swichi, unarudi kwa huyu, unaikuta njia ya kurudi nyumbani bila kupita kwenye taa. Lazima fyuzi ife. Na swichi ikizimwa, moto unapita tu kwenye taa moja kwa moja. Umeme haukukosea. Umeme ulikuwa unakutii."

Dakika tano. Mimi nilikuwa nimehangaika siku nzima, na dawa yake ilikuwa bisibisi na mtu wa kusimama kwenye swichi.

Umeme ukazimwa tena. Fundi akashuka, akatazama huku na huku. "Sasa nataka kitambaa."

"Siku hizi kuna utepe, mzee," nikasema. "Madukani upo wa kila rangi. Nitakimbia nikanunue."

"Utepe wa siku hizi kiangazi kimoja gundi imekauka, umedondoka. Nataka kitambaa." Akachukua mkasi juu ya cherehani ya mama, akanijia. Shati langu lilikuwa jeupe, la mikono mirefu, nililonunua kwa ajili ya siku ile ili mjomba anione mtu. Fundi alilishika upindo kwa nyuma, akakata. Nilisikia mkasi unapita, kra, kra, taratibu, kama mtu anayekata kitambaa chake mwenyewe. Nikageuka na ngumi imekunjwa.

"Mtani wako huyo," mjomba akasema kwa upole, machozi ya kicheko yakimtoka.

Ngumi nikaikunjua. Ilichukua muda.

Fundi akafunga waya wa swichi kwa shati langu, mafundo mawili, akatumia vile viunganishi vilivyokuja na taa kuweka kila kundi mahali pake. Umeme ukarudi. Mama akabonyeza swichi: ikawaka. Akabonyeza: ikazimika. Akarudia mara nne. 

"Haya," mjomba akasema, "taa imepona. Dada, mizigo yako iko wapi? Gari linaondoka saa tisa."

Hapo hasira yangu yote, iliyokosa pa kwenda tangu jana, ikapata mlango. "Mama haendi."

"Nani kasema?"

"Mimi nimesema."

"Wewe ni nani katika ukoo huu? Mtoto wa dada yangu ananipangia dada yangu?"

"Mmoja ananipakia kwenye gari," mama akasema, "mwingine ananifunga darini." Alikuwa bado amesimama kwenye swichi, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ilipanda. "Mnanipangia pa kukaa, mmoja kwa barua, mwingine kwa taa. Nani kaniuliza?"

Mjomba akatazama kofia yake. Mimi nikatazama sakafu. Fundi alikunja ngazi polepole sana, kwa kuwa hakutaka kupitwa na lolote.

"Basi tunakuuliza," mjomba akasema mwishowe.

"Nakaa. Si kwa ajili ya taa ya huyu. Nyumba hii niliishikia ngazi, najua kila waya unakopita, na yule ajuaye zaidi yangu ndiye huyo mwenye mkasi, na anakaa mtaa wa pili. Korosho zikianza kudondoka nitapanda Chilangala kuokota. Zikiisha nitashuka. Gari nalijua linapakilia wapi, sihitaji kuchukuliwa kama mzigo." Kisha akainua kidole juu. "Na huyu jongoo wa dhahabu atoke darini kwangu. Nirudishieni globu yangu."

Rozi ilikuwa kwenye shimo la taka. Nilikwenda kuitafuta mwenyewe, mchana kweupe, mgongo wa shati hauna upindo, nikichambua majivu na maganda ya mihogo huku majirani wakinisalimu kwa heshima zote. Niliipata ukingoni, ambako moto haukufika. Kitambaa cha kanga sikukipata. Jana jioni mama alikuwa amechoma taka. Nadhani hilo ndilo ninalolikasirikia mpaka leo, wala siwezi kumlaumu mtani.

Mjomba aliondoka na gari la saa tisa bila dada yake, lakini hakuondoka mikono mitupu. Aliiomba ile taa. Nilimwambia Chilangala hakuna umeme. Akasema anajua, anaishi huko.

Misimu kadhaa baadaye nilipanda kuwasalimia. Mama alikuwa uani kwa kaka yake, kanga kiunoni, anaanika korosho na kugombana na kuku. Ndani, taa ya vikombe vitano ilikuwa inaning'inia kwenye boriti kwa kamba ya katani. Kikombe kimoja kilikuwa na funguo, kingine mbegu za maboga, kingine miwani. Mjomba akanikalisha chini yake, mahali pa mgeni.

"Unaiona?" akasema, akainua macho kwa mapenzi. "Tangu nimeifunga hapo, haijanisumbua hata siku moja."

Nikasema kweli, mjomba, naona.